Seneti ya 1963, na siku niliyomwambia mwanafunzi kitabu kimekosea

Najua nimepotea, si kwa kupenda. Niko Singida kwenye mazoezi ya kufundisha, na huku umeme ukiwepo bando limeisha, bando likiwepo nimechoka hoi. Upepo wa Singida mnausikia tu kwenye hadithi, njooni muuone unavyobeba vumbi hadi kwenye sufuria ya mlenda. Lakini nakula vizuri, kuku wa huku nyie acheni tu.

Leo sina stori ya kuku. Nina stori ya aibu, na ndani yake kuna historia, kwa hiyo wenzangu wa Historia na Uraia msikimbie.

Ilikuwa hivi. Nafundisha kidato cha tatu, mada inagusa mihimili ya serikali. Katika kutoa mifano nikasema sisi Tanzania tuna Bunge moja, lakini majirani zetu Kenya wana mawili, la taifa na Seneti, na Seneti yao ilianza 2013. Nikaandika ubaoni kabisa, kwa mbwembwe. Kijana mmoja wa nyuma, mpole, hata jina lake nilikuwa bado sijalishika, akanyoosha mkono: "Madam, mbona kitabu cha maktaba kinasema walikuwa nayo 1963?"

Ningesema tu "ngoja nikaangalie", yangeisha. Lakini mnajua ile hofu ya mwalimu mwanafunzi, darasa lote linakutazama. Nikamjibu kitabu kimekosea uchapaji. Darasa likacheka, kijana akakaa chini akafunga daftari lake.

Jioni nikaingia maktaba ya shule. Kitabu hakikuwa kimekosea chochote.

Basi bwana, nikaanza kusoma kama nina mtihani kesho yake, na yafuatayo ndiyo niliyoyakuta.

Uchaguzi wa Kenya kabla ya uhuru ulifanyika kuanzia tarehe 18 hadi 26 Mei 1963. Wananchi walichagua ngazi tatu kwa mpigo: mabaraza ya majimbo, Seneti, na Baraza la Wawakilishi, yaani Bunge la chini. Vyama vikubwa vilikuwa KANU ya Jomo Kenyatta, Oginga Odinga na Tom Mboya, na KADU ya Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Masinde Muliro na wenzao. Kulikuwa pia na APP ya Paul Ngei kule Ukambani.

KADU ilikuwa chama cha waoga. Sisemi kwa kuwatukana, nasema walikuwa na cha kuogopa. Makabila madogo ya Bonde la Ufa na watu wa Pwani waliona uhuru ukija, wakahesabu vichwa, wakagundua kwamba kwa kura za vichwa watamezwa na Wakikuyu na Wajaluo. Hivyo kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London, wakakaza: tunataka majimbo yenye mamlaka, na tunataka Bunge la juu la kuyalinda. Wakapewa. Seneti ikawa na viti 41, kila wilaya kiti kimoja na Nairobi kimoja. Wilaya iwe na watu wengi kama siafu au iwe na wafugaji wachache, kiti ni kimoja tu.

Sasa angalieni matokeo. Bunge la chini lilikuwa na viti 129, KANU ikapata 83. Ushindi wa wazi, hauna mjadala. Njooni Seneti: KANU 18, KADU 16, APP 2, wagombea binafsi 2. Jumla 38. Wananchi ni walewale, wiki ileile, lakini huku KANU imeshinda kwa kishindo na huku haina hata nusu! Nilikaa na zile namba mpaka taa ya sola ikaanza kufifia.

Na uzito wa zile 16 ni mkubwa kuliko unavyodhani. Katiba ilisema vifungu vilivyofungwa zaidi, vile vya majimbo, haviguswi bila robo tatu ya Bunge la chini na asilimia 90 ya Seneti. Piga hesabu: asilimia 90 ya 41 ni 37. Maana yake maseneta 5 tu wakigoma, Kenyatta na wabunge wake 83 hawawezi kubadili kitu. KADU ilishindwa uchaguzi lakini ilitoka na ufunguo mfukoni.

Viti vitatu vilivyobaki? Vilikuwa wazi. Wasomali wa Kaskazini Mashariki waligomea uchaguzi, walitaka eneo lao liungane na Somalia, sio kupewa jimbo ndani ya Kenya. Kabla mwaka haujaisha serikali ikatangaza hali ya hatari kule, na vita vya mashifta vikaendelea mpaka 1967, yakaja makubaliano ya Arusha, hapahapa kwetu, Kaunda akiwa msuluhishi.

Ile Seneti haikuishi. Spika wake alikuwa Muinga Chokwe, mtu wa Pwani. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na Novemba 1964 KADU ikajivunja yenyewe, watu wake wakahamia KANU. Hapo ule ufunguo wakaurudisha kwa mikono yao. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na 1965 kiwango cha kura za kubadili Katiba kikashushwa. Mwaka 1966 Odinga alipotoka na kuunda KPU ukaitishwa uchaguzi mdogo wa viti 29 vya mabaraza yote mawili, KPU ikaambulia 9 ingawa jumla ya kura zake zilizidi za KANU. Mwisho wa mwaka huohuo Seneti ikaunganishwa na Bunge la chini. Na hapa ndipo mimi nilipocheka peke yangu: maseneta walipewa majimbo mapya ya ubunge, viti 117 vya kuchaguliwa vikaongezwa 41 vikawa 158, na uhai wa Bunge ukasogezwa hadi 1970. Nani angekataa? Baraza likaufuta uhai wake, na wajumbe wote wakabaki na mishahara yao.

Ikarudi kwa Katiba ya 2010, ikachaguliwa tarehe 4 Machi 2013, maseneta 67, kati yao 47 wa kaunti. Kumbe nilichoandika ubaoni ilikuwa mara ya pili.

Sasa swali lililonisumbua ni la upande wetu. Mbona sisi hatukuwa nayo? Uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71, vingi bila kupingwa. Kile kimoja kilikwenda Mbulu, hapo jirani kaskazini yetu, kwa Herman Sarwatt aliyegombea kama mgombea binafsi, naye mwenyewe alikuwa mwana-TANU! Hapakuwa na KADU ya kuogopa. Huku kwetu kuna Wanyaturu, Wanyiramba, Wabarbaig, Wahadzabe, hakuna anayeweza kummeza mwenzake kitaifa. Lakini tulipoungana na Zanzibar 1964 hofu ya mdogo kumezwa ikaingia na kwetu. Someni ibara ya 98 ya Katiba ya 1977: mambo fulani ya Muungano hayabadilishwi bila theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, wakihesabiwa mbali mbali. Kwangu mimi hiyo ni seneti iliyofichwa ndani ya Bunge moja. Mnaweza kunibishia, ila someni kwanza.

Kipindi kilichofuata kilikuwa Alhamisi. Usiku wake sikulala vizuri, nisiwadanganye. Niliingia darasani nikasimama, nikasema: "Juzi nilisema kitabu kimekosea. Kitabu kiko sahihi, aliyekosea ni mimi, na nilimwaibisha mwenzenu bure." Nikamwomba radhi kwa jina, maana safari hii nilikuwa nimelitafuta. Kimya. Nilitegemea kicheko, hakikuja.

Halafu nikawapigisha kura. Vyama viwili, Alizeti na Kitunguu. Wako 52, wamekaa mistari minne, na mstari wa dirishani una watu 6 tu kwa sababu madawati yake mabovu. Kwa vichwa Alizeti ikapata 30, Kitunguu 22. Nikasema sasa kila mstari una sauti moja. Mistari ikatoka miwili kwa miwili. Darasa likalipuka! Wa dirishani wanashangilia, wale wa mstari wa watu 17 wanalia wameibiwa. Nikawaacha wabishane dakika kumi nzima, andalio la somo nikaliweka pembeni.

Yule kijana akanyoosha mkono tena. Moyo ukanipiga paa.

"Madam, wale wa dirishani wangekubali kuhamia madawati mazima kama wangeambiwa wavunje mstari wao?"

Wa dirishani wakajibu wote kwa pamoja, hata sijawaruhusu: "Ndiyooo!"

Kengele ya chai ikalia. Kitabu yuko nacho yeye hadi Jumatatu, nimemwandikia mwenyewe kwenye daftari la maktaba.