Kenya: Nani ana haki ya kutetea viwanja vya umma?

Mwezi Desemba mwaka 1989, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitupilia mbali kesi ya kupinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru. Jaji hakuamua iwapo bustani hiyo ilistahili kujengwa. Aliamua tu kwamba mlalamikaji, Profesa Wangari Maathai, hakuwa na haki kisheria ya kuishitaki kampuni iliyokuwa nyuma ya mradi huo.

Swali hilo la nani ana haki ya kusema juu ya ardhi isiyo yake binafsi ndilo kiini cha historia ya viwanja vya wazi nchini Kenya. Jibu lake limebadilika mno tangu wakati huo.

Bustani ya Uhuru

Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1969 pembezoni mwa katikati ya jiji, na ni mahali pa mapumziko kwa watu wasio na ua wala bustani nyumbani kwao. Jumba lililokusudiwa lilikuwa liwe makao ya chama tawala, KANU, na ya gazeti lake, pamoja na sanamu ya Rais. Wakati huo Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja.

Profesa Maathai, kiongozi wa vuguvugu la Green Belt, hakuwa na silaha nyingine ila barua. Aliwaandikia wenye mradi, ofisi ya Rais, mashirika ya Umoja wa Mataifa na Balozi wa Uingereza, akiwataka wajiulize kama jambo hilo lingeruhusiwa katika Hyde Park ya London au Central Park ya New York. Wabunge walimkejeli, na vuguvugu lake likafukuzwa katika ofisi za serikali lililokuwa likizitumia.

Alishindwa mahakamani, lakini barua zake zilikwishasomwa nje ya nchi, na waliotarajiwa kutoa fedha wakasita. Mradi ulipunguzwa, kisha ukaachwa. Mwaka 1992 uzio uliowekwa bustanini uliondolewa. Ni katika bustani hiyo hiyo ambapo Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi, tarehe 27 Agosti 2010.

Jeevanjee na Karura

Mwaka 1991 zamu ilikuwa ya Bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20. Mpango wa kujenga humo maegesho ya magari na majengo ya biashara ulipingwa na umma, mjukuu wake, Zarina Patel, akiwa mstari wa mbele. Bustani ikanusurika.

Msitu wa Karura, wenye ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000 kaskazini mwa jiji, ulidai gharama kubwa zaidi. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Maathai na wenzake, wakiwemo wabunge, walikwenda kupanda miti huko, wakashambuliwa na kundi la walinzi. Alijeruhiwa kichwani, na alipofika kituo cha polisi alitia saini taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Unyakuzi hufanyikaje?

Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kukabidhi ripoti yake mwaka 2004, ilieleza mbinu zilizotumika. Kiwanja kilichotengwa kwa ajili ya shule, barabara au mapumziko hutolewa kwa barua ya mgao. Aliyepewa hukiuza haraka, wakati mwingine kwa shirika la umma lenyewe. Anayefuata hununua akiwa na karatasi zinazoonekana safi, na umma hugundua siku matingatinga yanapofika.

Sheria inasema nini sasa?

Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu anayedai haki hiyo imekiukwa kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine yeyote amepata hasara. Kikwazo cha mwaka 1989 kimeondolewa.

Aidha, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inazitaka kaunti kutangaza rasimu za mipango yao na kupokea maoni ya wananchi. Anayetaka kubadilisha matumizi ya kiwanja, kwa mfano kutoka makazi kuwa biashara, anahitaji idhini ya kaunti. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa mbele ya kamati maalumu ya kaunti, na baadaye katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Hati si kinga

Wakenya waishio ng'ambo, ambao wengi wao hununua viwanja kwa kupitia jamaa au mawakala, wana sababu ya pekee ya kufuatilia mambo haya. Kifungu cha 40 cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi mzito kuhusu kiwanja kimoja cha ufukweni mjini Mombasa. Kampuni iliyokinunua ilikuwa na hatimiliki, lakini mahakama iliona kwamba eneo hilo lilikuwa uwanja wa wazi wa umma na halikupaswa kugawiwa tangu mwanzo. Kwa hiyo mnunuzi hakuweza kujikinga kwa hati yake. Kuthibitisha jina la mwenye hati katika ofisi ya ardhi hakutoshi. Ni lazima pia kuuliza kiwanja kilitoka wapi, na ramani ya awali ya mipango ilikitenga kwa kazi gani.

Sheria pekee haitoshi

Mwezi Januari 2015, zaidi ya miaka minne baada ya Katiba mpya, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata jijini Nairobi walirudi kutoka likizo wakakuta kiwanja chao cha michezo kimezungushiwa ukuta. Walipoandamana, polisi waliwarushia mabomu ya machozi. Picha zao zilienea duniani, na kiwanja kikarejeshwa kwa shule.

Watoto hao walifanya kazi ambayo watu wazima walikuwa na njia za kisheria za kuifanya mapema: kusoma matangazo ya mipango, kuikagua ramani katika ofisi ya kaunti, na kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Mwaka 1989 raia aliyefanya hivyo aliambiwa hayamhusu. Leo Katiba inasema yanamhusu.