Hoteli ya Mkono Mmoja

Msafiri aingiaye mji mgeni kwa matembezi hutafuta malazi yaliyo karibu na mambo ya kutazamwa. Katika mwaka wa 1960, mjini Copenhagen, nchini Denmark, ilifunguliwa hoteli ambayo yenyewe ilikuwa jambo la kutazamwa.

SAS Royal Hotel ilisimama karibu na stesheni kuu ya gari la moshi na bustani ya Tivoli. Msanifu wake, Arne Jacobsen, hakuchora kuta na madirisha tu. Alichora na viti, taa, mapazia, vishikio vya milango, hata visu na vijiko vya mezani. Viti vyake viwili, Yai na Batamaji, vilibuniwa kwa ajili ya hoteli hiyo, kisha vikaenea duniani. Wako walioidhihaki nyumba ile ndefu ya vioo iliyopanda juu ya mapaa ya kale.

Lakini hoteli ni biashara, na wageni hudai mapya. Miaka ilivyopita vyumba viligeuzwa. Chumba nambari 606 kikaachwa na sura yake ya mwanzo. Basi adui wa kazi njema si moto na mchwa tu. Hata hamu ya kumpendeza kila mgeni huweza kuifuta.