Elimo Njau: Mchoraji Aliyevuka Mpaka

Kwetu Mukendo, mjini Musoma, mtu akihamia Kenya watu husema, "Kaenda zake." Akirudi, ni wetu tena. Asiporudi, basi, kasahaulika. Nadhani ndivyo tulivyomfanyia Elimo Njau. Katika daftari langu la semina Tingatinga yumo, na Sam Ntiro yumo kwa sababu alifika hadi London lakini akarudi. Njau hayumo. Kisa? Alihamia Nairobi.

Njau alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea uchoraji Makerere, katika shule ya sanaa iliyoasisiwa na Margaret Trowell. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa ukutani katika kanisa la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Yesu wake ni Mwafrika, na anazaliwa na kusulubiwa katika mandhari ya Kenya ya kati. Hebu tufikirie, ndugu wasomaji: ardhi ile ndiyo iliyokuwa ikigombewa, hali ya hatari haijaondolewa, na aliyepewa ukuta ni Mchaga!

Wapo watakaodai kwamba mgeni hawezi kuusema uchungu wa wenyeji. Mimi nakataa. Mwenyeji angeulizwa kwanza: wewe ulikula kiapo au hukula? Njau hakudaiwa jibu hilo. Kanisa lilijengwa kwa ajili ya wafu wa upande mmoja, lakini mtu mweusi msalabani, juu ya udongo ule, anaweza kuliliwa na wajane wa pande zote mbili. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwaka 1965 Njau na wenzake, akiwemo mkewe Rebeka, mwandishi wa Ripples in the Pool, walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, nyumba ya wachoraji na waandishi. Jina lenyewe ni la Kiswahili: paa mnyama, na paa ya kupaa. Alihama, lakini lugha alihama nayo.

Mwaka 1997 moto uliteketeza kazi nyingi za nyumba hiyo. Ule ulikuwa moto. Kusahau kwetu je, tukuiteje? Walimu wetu wakiandaa orodha za semina, wasiangalie mtu alikoishia tu. Mimi daftarini kwangu nimeshamwongeza, chini ya Ntiro, kwa wino.