Ukoo wa Injini Uliofika Ngerengere

Kutoka Kihonda, kaskazini mwa mji wa Morogoro, Ngerengere iko upande wa mashariki, kwenye Reli ya Kati. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1970, China iliisaidia Tanzania kujenga kituo cha ndege za kivita. Jeti za kwanza za kivita za JWTZ zilikuwa F-5 kutoka Shenyang, na injini zake zilikuwa na ukoo mrefu kuliko jeshi lenyewe, lililoundwa Septemba 1964.

Babu wa ukoo huo ni Mwingereza. Oktoba 1944 wahandisi wa Rolls-Royce, chini ya Stanley Hooker, waliwasha injini waliyoiita Nene, jina la mto, kama ilivyokuwa desturi ya kampuni hiyo kwa jeti zake. Gurudumu kubwa lenye mapezi pande zote mbili lilivuta hewa na kuisukuma kwenye vyumba tisa, ambamo ilichomwa pamoja na mafuta ya jamii ya taa. Moshi wa moto uliofumka ulizungusha tabaini, tabaini ikazungusha gurudumu kwa shafti, na uliobaki ukatokea nyuma kwa msukumo wa takriban kilo 2,270.

Kwao ilipata ndege chache. Mwaka 1946 serikali ya Clement Attlee ikaruhusu iuzwe Urusi ya Kisovieti.

Warusi waliifumua, wakainakili, wakaiita RD-45. Injini hiyo ikafungwa kwenye MiG-15, ndege iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1947. Wakati huohuo Wamarekani walikuwa wamenunua leseni yake na kuifunga kwenye ndege za manowari, kwa hiyo katika vita vya Korea, mwaka 1950, ndugu wa tumbo moja walikutana angani wakiwa maadui.

Vladimir Klimov akaikuza ikawa VK-1, yenye msukumo wa kilo 2,700. Toleo lililofuata, VK-1F, lilichoma mafuta mara ya pili kwenye bomba la nyuma ili kuongeza kasi, nalo likafungwa kwenye MiG-17F. Kiwanda cha Shenyang kikalitengeneza kwa jina la WP-5, na Julai 1956 ndege ya kwanza ya Kichina yenye injini hiyo, J-5, ikapaa. Ilipouzwa nje iliitwa F-5.

Uganda nayo ilikuwa imepata MiG-17 moja kwa moja kutoka Moscow. Baadhi ziliteketezwa na makomando wa Israeli pale Entebbe, Julai 1976. Oktoba 1978 Idi Amin alipoivamia Kagera, nchi zote mbili zilikuwa na ndege zenye damu ya Nene: tawi la Moscow upande mmoja wa mpaka, tawi la Shenyang upande wa pili. Aprili 1979 JWTZ ikauteka uwanja wa Entebbe.

F-5 nazo zilipata wadogo zao, F-6 na F-7, zenye injini nyembamba za ukoo mwingine, zinazosukuma hewa moja kwa moja kuelekea nyuma bila lile gurudumu kubwa la Hooker.