Kiingereza cha Kwenye Chupa ya Dawa

Jirani yangu mmoja hapa Mtendeni, Tabora, alirudi jioni na chupa ya dawa ya mtoto. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza. Akamwita binti yake wa kidato cha pili amsomee. Binti aliyatamka maneno vizuri kabisa, lakini alipoulizwa mdogo wake anywe vijiko vingapi, alinyamaza. Ikabidi mama arudi dukani kuuliza.

Sikumlaumu yule binti. Nilikumbuka jinsi mji huu ulivyojifunza Kiswahili. Katika karne ya 19, misafara ya pembe kutoka Bagamoyo ilitua hapa Unyanyembe kabla ya kuelekea Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walikipata Kiswahili njiani, bila ubao wala chaki: katika kupatana bei ya kitambaa, kuomba maji na kudai posho. Asiyeelewa alipunjwa.

Kiingereza nacho kilikuja na shule. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa miaka ya 1920, na Mwalimu Nyerere alisoma pale kuanzia 1937. Wanafunzi walikuwa wachache, wakakaa bwenini, wakaishi na lugha hiyo.

Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, maana mtoto huelewa kwa lugha anayoijua. Lakini sekondari ilibaki na Kiingereza. Mwaka 1984 watafiti wawili, Criper na Dodd, walieleza kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakukimudu kiasi cha kusomea masomo mengine. Baadaye Uingereza ikasaidia mradi wa vitabu vyepesi vya kusoma. Ilikuwa hatua njema, ila hadithi peke yake haitoshi.

Ninachowaomba walimu wetu ni kidogo. Leteni darasani boksi tupu la dawa, mfuko wa mbolea ya tumbaku, tangazo la kazi lililokatwa gazetini. Msiishie kumwuliza mtoto neno linatamkwaje. Mwulizeni: ukishasoma hapa, utafanya nini? Kazi hiyo haihitaji mfadhili.

Mtoto wa jirani yangu alipona. Lakini je, kama siku ile duka lingekuwa limefungwa?