Ushuhuda wa Maisha: Istilahi ya Marafiki katika Kambi za Watoto

Ushuhuda wa maisha ni istilahi ya Jumuiya ya Kidini ya Marafiki, wanaojulikana pia kwa jina la Wakweka. Inataja imani inayoonekana katika mwenendo wa mtu au wa kundi zima. Rafiki anaposema kwamba amani ni ushuhuda wake, maana yake ni kwamba hashiki silaha na hamlipi mwingine amshikie. Istilahi hii hutumika sana katika shule na kambi za watoto zinazoendeshwa na Marafiki, hasa Marekani, na ni huko maana yake inapodhihirika waziwazi, kwa kuwa watoto hujifunza zaidi kwa kuishi jambo kuliko kwa kuhubiriwa.

Jumuiya hii ilianza Uingereza katikati ya karne ya 17 kutokana na mahubiri ya George Fox. Fox alifundisha kwamba ndani ya kila mtu imo Nuru ya Kristo, na kwamba mtu anaweza kuisikiliza bila kupitia kwa kasisi. Fundisho hilo lilileta athari mitaani na mahakamani. Marafiki walikataa kuwavulia kofia wakubwa, kwa sababu maskini hakuvuliwa na mtu. Walikataa kula kiapo, wakishika mafundisho ya Injili ya Mathayo, sura ya 5: anayeapa ili aaminiwe amekubali kwamba asipoapa neno lake lina walakini. Wafanyabiashara wao walitaja bei moja kwa kila mnunuzi, awe bwana au mtoto aliyetumwa dukani. Mwaka 1660 walimtangazia Mfalme Charles wa Pili kwamba hawatapigana vita kwa sababu yoyote. Wengi wao walifungwa kwa ajili ya mambo hayo.

Mfano unaoeleza istilahi vizuri zaidi ni wa John Woolman, mshonaji wa nguo na mwenye duka wa New Jersey aliyeishi kuanzia 1720 hadi 1772. Woolman alikataa kuandika wosia uliorithisha watumwa. Baadaye aliacha kuvaa nguo zilizotiwa rangi, kwa kuwa aliona rangi hupendeza macho tu na kuficha uchafu, akawa anatembea na mavazi meupe yaliyowashangaza watu. Aliwatembelea Marafiki wenzake waliomiliki watumwa, akazungumza nao mmoja mmoja kwa upole. Mwaka 1776, Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia, yaani chombo cha Marafiki wa eneo hilo, uliwakataza wanachama wake kumiliki watumwa.

Hapo mwanzo shuhuda hizo hazikuwa na orodha rasmi. Katika karne ya 20, Howard Brinton, mwalimu wa Marafiki nchini Marekani, alizipanga katika mafungu machache ili zifundishike. Siku hizi walimu na walezi hutaja sita: maisha ya kiasi, amani, uadilifu, jumuiya, usawa na uwakili. Neno uwakili limo tayari katika lugha ya makanisa ya Afrika Mashariki, likiwa na maana ya kutunza mali ambayo mwenyewe hasa ni Mungu. Kwa Marafiki wa leo, mali hiyo ni pamoja na misitu, maji na udongo.

Kambi za watoto ni desturi kongwe ya Marekani. Shule hufungwa kwa miezi miwili au zaidi katika majira ya joto, na watoto wengi hupelekwa kukaa porini au kando ya ziwa kwa wiki kadhaa wakiwa na walezi vijana. Marafiki waliona katika desturi hiyo nafasi ya kuishi shuhuda zao pamoja na watoto, wakiwemo wale ambao wazazi wao si Marafiki. Kambi mojawapo inayojulikana sana ni Farm and Wilderness, iliyoanzishwa na Ken na Susan Webb karibu na Plymouth, katika jimbo la Vermont, mwaka 1939.

Katika kambi kama hiyo, maisha ya kiasi huanzia kwenye malazi. Vibanda havina umeme, simu huachwa nyumbani, na usiku mtoto hutembea kwa tochi. Usawa huonekana katika kazi: kupalilia bustani, kulisha mifugo, kupasua kuni, kuosha vyombo na kufagia choo ni zamu ya kila mtu, na mlezi hufanya kazi hizo pamoja na watoto. Mtoto wa tajiri na mtoto anayelipiwa na wafadhili hushika ufagio uleule. Watoto na walezi huitana kwa majina tu, bila vyeo, desturi inayotokana moja kwa moja na kofia zile za karne ya 17.

Kila siku huwa na ibada ya kimya. Watoto huketi kwa mduara juu ya mabenchi au magogo chini ya miti, na hakuna anayeongoza. Mtoto akihisi ana neno, husimama na kulisema. Hakuna anayemjibu, kumsahihisha wala kumpigia makofi. Neno lake huachwa likae kimyani mpaka mwingine asimame, au mpaka watu wawili washikane mikono kuashiria kwamba ibada imekwisha. Mtoto aliyezoea kukatizwa na wakubwa hugundua hapo kwamba anasikilizwa sawa na mtu mzima.

Ushuhuda wa jumuiya huonekana zaidi wakati wa kuamua. Marafiki hawapigi kura. Kundi linapochagua njia ya safari ya milimani, kwa mfano, mmoja huwa karani: husikiliza, kisha hutamka anavyoelewa nia ya wote, na kuuliza kama ndivyo. Iwapo watoto saba wanataka kilele kirefu na wa nane ana malengelenge miguuni, wingi wao haumalizi jambo. Mazungumzo huendelea mpaka ipatikane njia ambayo wanane wote wanaweza kuifuata bila kinyongo. Uamuzi huchukua muda, lakini ukishafikiwa hakuna upande ulioshindwa. Magomvi nayo hutatuliwa kwa njia ya namna hiyo, wahusika wakiketishwa pamoja na kila mmoja akieleza lililomuumiza, na huo ndio ushuhuda wa amani kwa kipimo cha mtoto.

Katika Kiswahili, neno ushuhuda lina ukoo mmoja na shahidi, kushuhudia na shahada. Mahakamani, ushuhuda ni maelezo ya aliyeona tukio. Katika makanisa mengi ni masimulizi ya muumini anayesimama kueleza Mungu alivyomtendea. Kote huko, ushuhuda hutoka kinywani mwa aliyeona. Kwa Marafiki mwelekeo unageuka: muumini hutenda, na walioona ni majirani. Ndiyo sababu neno ushuhuda likiachwa peke yake humfanya msomaji atarajie masimulizi, na maneno "wa maisha" huondoa utata huo. Mtu angeweza kupendekeza neno tunu, lililozoeleka Tanzania katika maneno tunu za taifa, au maadili, linalopendwa Kenya. Yote mawili ni mazuri kwa kutaja kile ambacho watu wanakithamini, lakini mtu anaweza kuwa na tunu na asiifanyie kazi hata siku moja. Ushuhuda usiotendwa haupo.

Istilahi nyingine inayohitaji tafsiri ni ile ya uamuzi wa Marafiki usio na kura: nia moja ya mkutano inafaa kuliko mwafaka, kwa kuwa mwafaka umeshazoeleka kumaanisha mapatano ya pande mbili zilizolegezeana masharti. Katika mkutano wa Marafiki hakuna pande. Wote wanatafuta jambo moja.

Istilahi hizi zina watumiaji wengi Afrika Mashariki. Wamisionari watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ibada zao kwa kawaida zina wachungaji, nyimbo na mahubiri, tofauti na kimya cha kambi za Vermont, lakini shuhuda ni zilezile. Mwandishi wa vitabu vya watoto au vya shule atafanya vyema kuandika ushuhuda wa maisha mahali pa kwanza istilahi inapotokea, kisha ushuhuda peke yake, na kila mara aitolee mfano wa tendo ambalo mtoto anaweza kulifanya siku hiyohiyo.