Mfupa Ulipopanda Kizimbani

Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi Julai 2, 1881, katika stesheni ya reli mjini Washington, akafa Septemba 19. Kwa majuma kumi na moja madaktari walimchokonoa jeraha kwa vidole na vyuma visivyochemshwa, wakiitafuta risasi. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikuja na mtambo wake wa kunusa madini, nao ukashindwa. Maiti ilipopasuliwa, risasi ilikutwa upande wa kushoto, nyuma ya kongosho, kumbe wao walikuwa wakichimba kulia. Muuaji hakuiachia nafasi hiyo. Alisimama mahakamani akadai kwamba yeye alifyatua tu, waliomuua rais ni madaktari wake. Alinyongwa hata hivyo, ingawa kwa hilo la madaktari wanahistoria wengi wa tiba leo wanaona hakuwa mbali na ukweli.

Miaka kumi na minne baadaye, Novemba 8, 1895, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mjini Würzburg, Ujerumani, mionzi inayopenya nyama na kuzuiwa na mfupa na risasi. Aliandika habari zake mwishoni mwa Desemba, na Januari magazeti yakazichukua. Wenye kesi hawakungoja.

Mjini Montreal, Kanada, kijana mmoja alikuwa amepigwa risasi ya mguu wakati wa Krismasi ya mwaka huohuo wa 1895. Kidonda kilifunga, maumivu yakabaki, na risasi haikupatikana. Februari 1896 daktari wa upasuaji, Robert Kirkpatrick, akampeleka kwa John Cox, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha McGill. Mguu uliwekwa mbele ya bomba la kioo lililotoa mionzi hiyo kwa dakika 45. Leo picha kama hiyo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Bamba la picha liliposafishwa, picha ilikuwa hafifu, lakini risasi ilionekana, imebonyea, imejibana katikati ya muundi na ule mfupa mwembamba wa pembeni yake. Kirkpatrick akaitoa. Bamba likapelekwa mahakamani, na aliyefyatua akafungwa miaka 14.

Kesi hiyo hutajwa kila mara kama mwanzo wa eksirei mahakamani, na ni haki yake. Ila tusiikuze kupita kiasi. Risasi ilikwisha kutolewa, mtu angeweza kuishika mkononi, na picha ilithibitisha tu jambo ambalo kila mtu alilijua. Mtihani wenyewe ulikuja pale picha iliposimama peke yake, bila risasi wala maiti iliyopasuliwa. Mtihani huo ulifanyika Denver, jimbo la Colorado, Desemba 1896.

Kijana fukara aliyekuwa akijisomea sheria alianguka kutoka kwenye ngazi, akaumia nyonga. Daktari mwenye jina kubwa mjini alimwambia ni michubuko tu, afanye mazoezi ya mguu. Mguu ukazidi kuharibika. Kijana akamshtaki daktari, na mmoja wa mawakili wake, Ben Lindsey, akaja na picha za eksirei zilizoonyesha kwamba fupa la paja lilikuwa limevunjika.

Upande wa daktari ulipinga kwa nguvu, na hoja yao haikuwa ya kubabaisha. Wakati huo picha ya kawaida ilipokelewa mahakamani kwa sharti kwamba mtu apande kizimbani, aape kuwa alikiona kwa macho yake kitu kilichopigwa picha, na kwamba picha imefanana nacho. Sasa nani ataapa kwamba ameuona mfupa ulio ndani ya paja la mtu aliye hai? Kupokea picha hiyo, walisema, ni sawa na kupokea picha ya mzimu kabla hata haijathibitishwa kwamba mizimu ipo.

Jaji Owen LeFevre alikataa pingamizi lao, picha zikapokelewa. Uamuzi wake ulifungua mlango wa ushahidi wa namna nyingine kabisa, ushahidi ambao hakuna jicho lililouona. Kuanzia hapo picha haikuegemea tena kiapo cha aliyeona. Ilimwegemea anayejua mtambo unavyofanya kazi na anayeweza kuisoma. Kwa maoni yangu hapo ndipo historia hii ilipogeuka, maana mzigo ulihama kutoka kwenye bamba ukamwangukia mtaalamu.

Miongo iliyofuata ilileta kazi ya kutambua maiti. Mwaka 1927 William Culbert na Frederick Law walieleza katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani jinsi walivyomtambua marehemu kwa kulinganisha eksirei mbili, moja ya uhai wake na nyingine ya baada ya kifo. Waliangalia matundu ya hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya uso na nyuma ya sikio, ambayo umbo lake hutofautiana baina ya mtu na mtu. Meli ya Noronic ilipoungua bandarini Toronto Septemba 1949 na kuua watu zaidi ya mia moja, baadhi ya miili iliyokuwa haitambuliki kwa sura ilipata majina yake kwa njia hiyohiyo.

Lakini kazi nzito kuliko zote iliwahusu wasioweza kusema. John Caffey, daktari wa watoto wa New York aliyegeukia usomaji wa eksirei, alichapisha mwaka 1946 habari za vichanga sita waliokuwa na damu iliyovia chini ya utando wa ubongo pamoja na mifupa iliyovunjika miguuni na mikononi. Wazazi hawakuwa na maelezo yanayotosha.

Kichanga wa miezi minne hatembei wala hapandi mwembe. Mfupa uliovunjika jana una kingo kali kwenye picha. Baada ya wiki moja hadi mbili mfupa mpya huanza kuonekana, kama ukungu mweupe kandokando ya ufa, kisha hunenepa na kuwa fundo. Basi picha moja ya mtoto mmoja ikiwa na ufa mbichi pajani, ukungu mkononi na fundo ubavuni, msomaji wa eksirei ana mbele yake matukio matatu ya siku tofauti, wakati mzazi anasimulia kuanguka kitandani mara moja. Mbavu zilizovunjika nyuma, karibu na uti wa mgongo, humfanya afikirie mikono ya mtu mzima iliyokibana kifua. Kijipande kilichomeguka kwenye ncha ya mfupa karibu na goti humfanya afikirie mguu uliovutwa au kusokotwa.

Caffey aliandika kwa tahadhari, bila kumtuhumu mzazi waziwazi. Aliyepasua jipu ni daktari C. Henry Kempe na wenzake, mwaka 1962, na mji ni Denver uleule. Waliuliza hospitali 71 wakaletewa kesi 302 za watoto waliopigwa. 33 walikuwa wamekufa. Katika miaka michache tu majimbo yote ya Marekani yalitunga sheria za kuwataka madaktari kutoa taarifa. Hata hivyo yapo magonjwa yanayofanya mifupa ivunjike ovyo, mengine ya kuzaliwa nayo, na matege makali nayo huweza kumpoteza msomaji asiye makini. Mzazi asiye na hatia anaweza kupoteza mtoto kwa sababu ya jicho moja lililoharakisha.

Jicho linaweza pia kupitwa na kilicho mbele yake. Maiti ya Ötzi, mtu wa kale aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, ilipigwa picha na kuchunguzwa na wataalamu kwa miaka kumi. Mwaka 2001 ndipo eksirei mpya iliyopigwa Bolzano, Italia, ilipoonyesha kichwa cha mshale wa jiwe begani kushoto. Mtu aliyedhaniwa amekufa kwa baridi alikuwa ameuawa.

Huku kwetu, majeruhi wa kipigo nchini Tanzania hupewa fomu ya PF3 na polisi, na wa Kenya hupewa P3. Daktari huijaza, mara nyingine eksirei ikiwa kwenye bahasha yake kubwa, na fomu huenda mahakamani. Swali la Denver, la nani atapanda kizimbani kwa ajili yake, nalo huifuata. Kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kama mawakili wa Tanzania walivyozoea kukitaja, kinamtaka hakimu amweleze mshtakiwa kuwa ana haki ya kudai daktari aliyeandika ripoti aitwe, ahojiwe. Mahakimu wamekuwa wakisahau. Mahakama ya Rufani imefika mara nyingi mahali pa kuiondoa PF3 kwenye kumbukumbu kwa sababu hiyo tu, hata kama maelezo ya daktari yalikuwa sahihi, na rufaa ikaamuliwa kwa ushahidi uliobaki.